Sensa ya jiko ilikuwa nzima, njia yake ndo ilikuwa mbovu

Kabla jiko letu la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa sumaku, halijaandika kosa lolote, mke wangu alishaniambia. Alisema, "Baba watoto, hili jiko siku hizi linaunguza, naweka namba ile ile ya siku zote lakini mafuta yanatoa moshi kabla sijageuka." Mi nikamjibu apunguze namba. Nilijibu nikiwa nimeshika simu, wala sikuinuka kwenda kuangalia. Naanza na hili maana ugonjwa wote wa lile jiko ulikuwa ndani ya hiyo sentensi yake moja, na ilinichukua karibu mwezi mzima kurudi kwenye maneno aliyoyasema bure siku ya kwanza.

Baada ya kama wiki tatu ndo likaanza kukata. Unawasha, linafanya kazi vizuri tu, dakika nane au kumi hivi linapiga mlio, linazima, linaandika E3. Ukiliacha lipoe nusu saa linawaka tena kama halina tatizo. Nikatafuta kijitabu chake, kimeandika E3 ni sensa ya joto ya kioo, yaani kile kifaa kidogo kinachohisi joto, waya umekatika. Kwa modeli yangu lakini, usije ukakariri hiyo namba, maana kila mtengenezaji ana namba zake na E3 ya jiko lingine inaweza kuwa umeme mdogo au sufuria haijawekwa, kwahiyo kijitabu cha jiko lako ndo cha kuamini.

Kwa ambaye hajawahi kufungua jiko la indaksheni, ndani yake ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Juu kuna kioo, chini ya kioo kuna koili kubwa ya waya uliosukwa kama mkeka wa mviringo, chini yake bodi ya elektroniki, hitisinki (chuma chenye mapezi cha kupoza) na feni. Katikati kabisa ya koili kuna kitundu, na hapo ndo sensa imekaa, kitu kidogo kama kichwa cha kiberiti, imegusishwa kioo kwa chini na kupakwa grisi nyeupe ili joto la kioo liifikie. Kuna na mwenzake kwenye hitisinki, huyo analinda IGBT, ile swichi ya elektroniki inayoendesha koili, isiungue. Zote mbili kwa kawaida ni themista za NTC, maana yake zikipata joto ukinzani wake, yaani zinavyozuia umeme kupita, unashuka. Hapo wengi huchanganyikiwa kwasababu tumezoea joto likipanda na namba inapanda, hapa ni kinyume. Na jambo moja la kuweka kichwani ni kwamba ile sensa haipimi sufuria, inapima kioo, na kioo kinachelewa kupata joto la sufuria. Ndo maana sufuria tupu ikiwekwa kwenye moto mkubwa inaweza kuharibika kabla jiko halijajua kinachoendelea.

Nikafungua. Nilichomoa plagi, nikasubiri, alafu bado nikapima kapasita kubwa kabla sijagusa chochote, maana pale umeme wa nyumbani wa volti 230 ukishanyooshwa uende upande mmoja tu unafika volti 300 na zaidi, na kapasita inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako. Alafu usidanganyike na upande wa volti 5 wa bodi ukadhani huo ni salama. Kwenye majiko mengi haya upande mdogo haujatenganishwa na umeme wa ukutani, ukiushika jiko likiwa kwenye plagi ni sawa na kushika waya wa ukutani. Mi sipimi kitu ndani ya jiko la indaksheni likiwa na umeme. Vipimo vyote nitakavyosema hapa ni vya jiko lililochomolewa.

Nikachomoa konekta ya sensa nikaipima, mita ya umeme ikasoma kilo-omu 92 (omu ni kipimo cha ukinzani, kilo-omu ni omu elfu moja). Chumba kilikuwa na joto la nyuzi 27 hivi. Sensa za aina ile mara nyingi ni kilo-omu 100 kwenye nyuzi 25, kwahiyo 92 ni jibu sahihi kabisa. Nikakishika kile kichwa cha kiberiti kwa vidole, namba ikaanza kuteremka taratibu, 85, 78, 70. Angalizo hapo, ukipima usishike ncha zote mbili za mita kwa vidole, mwili wako nao unapitisha umeme kidogo na kwenye vipimo vya kilo-omu 100 unaharibu jibu, utaona imeshuka ukadhani sensa mbovu. Nikachukua kikombe cha maji ya moto, nikaifunga sensa kwenye kimfuko cha nailoni, nikaichovya, ikateremka hadi kama kilo-omu 9 ikatulia hapo. Kwa maji ya nyuzi 90 hivi, hapo ndo panapotakiwa.

Kwahiyo mkononi nilikuwa na sensa nzima. Na mita imeniambia hivyo. Na bado nikaenda kununua sensa mpya.

Nimejiuliza mara nyingi kwanini nilifanya vile. Ni kwasababu jiko liliandika sensa, na kila niliyemuuliza akasema hiyo ni sensa, badilisha tu. Ile namba kwenye kioo ina nguvu sana kichwani mwa mtu, unaiona kama daktari kaandika cheti. Kumbe bodi haijui kama sensa imekufa. Bodi inajua kitu kimoja tu, volti kwenye mguu mmoja wa chipu. Ile sensa na rezista moja ya kwenye bodi (kifaa chenye ukinzani usiobadilika) vinagawana zile volti 5, chipu inasoma zilizobaki pale katikati, zikitoka nje ya mipaka iliyopangiwa inaandika "sensa". Kitu chochote kinachoharibu zile volti kitaandikwa sensa, iwe sensa yenyewe, waya, konekta, rezista, au kapasita ndogo iliyowekwa pale kutuliza kelele.

Sensa mpya nikaifunga, jiko likafanya kazi. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwambia mke wangu limepona. Siku ya tano, dakika ya kumi, mlio, E3.

Zile siku nne ndo zilizonipoteza kuliko kitu kingine chochote kwenye habari hii. Zilinifanya niamini kwamba sensa ndo ilikuwa tatizo kweli na kwamba niliyonunua ni feki. Nikataka kununua ya tatu. Sikufikiria kwamba nilipobadilisha sensa nilibadilisha vitu viwili kwa pamoja: niliweka sensa mpya, na pia nilichomoa konekta nikachomeka nyingine, na ule msuguano wa kuchomeka ukakwangua uchafu kwenye pini. Jiko lilipona kwa kuguswa tu. Kifaa kinachopona kwa kuguswa bado kinaumwa, na saivi nikiona hivyo ndo naanza kushuku viungio kwanza kabla ya kitu kingine.

Nikaamua kupima bodi. Kuna njia moja mafundi wanaitumia, unatoa sensa, mahali pake unaweka rezista ya kilo-omu 100, bodi inadhani kioo kina nyuzi 25. Kosa likiondoka, bodi iko sawa. Likibaki, shida iko kwenye bodi. Nikachomoa sensa, nikachoma rezista moja kwa moja kwa risasi ya kulehemu chini ya bodi, kwenye miguu ya konekta, nikafunga jiko lote, nikaweka sufuria ya maji juu. Maji tu, na nikasimama hapo hapo, maana jiko likiwa na ile rezista halioni joto la kweli la kioo, linaweza kuendelea kuchoma likidhani kioo kina baridi. Na maji ya sufuria iliyo wazi yakifika nyuzi 100 yanachemka tu, hayapandi zaidi, mafuta hayana huruma hiyo. Asije mtu akaacha rezista ndani ya jiko akarudi kupikia.

Likawaka. Dakika kama nne hivi likapiga mlio likazima. Nikasema basi, bodi imekufa. Nikakaa chini. Nikalinganisha bei ya bodi na bei ya jiko jipya kichwani, nikaona hakuna tofauti ya maana.

Usiku ndo nikampigia simu fundi mmoja mzee, ametengeneza redio na televisheni tangu enzi za televisheni za mgongo mkubwa. Nikamweleza kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, alafu akauliza, "Ilivyozima na rezista, iliandika E ngapi?" Nikanyamaza. Sikuwa nimeangalia vizuri, nilisikia mlio nikajua ni ile ile. Akasema, "Rudi kaangalie kijana wangu, alafu uniambie, wewe ulipima sensa au ulipima njia ya sensa?"

Asubuhi nikarudia, maji yale yale, dakika nne. E6. Siyo E3. Nikafungua kijitabu, E6 kwa jiko langu ni sensa haibadiliki. Yaani jiko limewasha moto, limesubiri dakika kadhaa, limeona kioo kiko nyuzi 25 zile zile hakipandi hata kidogo, likajua hapo kuna uongo likazima lenyewe. Majiko mengi yamewekewa huo ulinzi kwa ajili ya sensa iliyodondoka ikaacha kugusa kioo. Kwahiyo rezista yangu ilikuwa imeonyesha bodi ni nzima, inasoma vizuri, na ina akili ya kugundua kwamba naidanganya. Nilikuwa nimeshaihukumu kufa kwasababu sikusoma tarakimu moja.

Alafu lile swali lake la pili. Nilikuwa nimepima sensa ikiwa imechomolewa, mezani, kwenye ncha za waya wake. Sikuwahi kupima kuanzia kwenye waya mpaka kwenye risasi ya bodi konekta ikiwa imechomekwa, yaani njia ambayo umeme unapita kweli. Nikang'oa ile rezista, nikarudisha konekta mahali pake, nikageuza bodi. Ncha moja ya mita nikaigusisha lile bati dogo la ndani ya konekta lililobana waya, unaingilia kwa nyuma kwenye kitundu cha plastiki, ncha nyingine kwenye risasi ya pini ile ile chini ya bodi. Hapo ni chuma kwa chuma, unategemea sifuri, au sehemu tu ya omu moja. Mguu wa kwanza ukasoma 0.3. Mguu wa pili mita ikaruka, 1,800, ikaenda 4,000, ikarudi 900, nikainamisha konekta kidogo kwa kidole ikaandika njia imekatika kabisa, nikaiachia, 2,100.

Nilikaa naangalia zile namba zinavyocheza na nikahisi baridi mgongoni, maana hapo hapo nikakumbuka mafuta.

Ngoja nieleze hesabu yake, kwasababu hii ndo sehemu ambayo natamani kila mwenye jiko kama hili aijue. Sensa ikiwa baridi ni kilo-omu 100, yaani omu laki moja. Ukiongeza omu 2,000 za pini chafu juu ya laki moja, si kitu, bodi haioni tofauti, haifiki hata nyuzi moja. Ndo maana jiko likiwa baridi linawaka bila shida na ndo maana hata ningepima mezani na konekta yake nisingeshtuka. Lakini sensa ikiwa kwenye nyuzi 100 imebaki na kama omu 7,000. Na ikifika nyuzi 180, kwenye joto la kukaangia, imebaki na omu 1,100 tu hivi. Sasa ongeza zile zile 2,000 hapo. Bodi inasoma 3,100, na kwake hiyo ni kama nyuzi 130. Kioo kiko 180, bodi inaona 130, inasema bado, ongeza moto. Nyuzi 50 zimefichwa na uozo kidogo kwenye pini ambao ukiangalia kwa macho ni doa tu la ukubwa wa punje ya mchanga. Kadiri jiko linavyokuwa la moto ndo uongo unavyozidi kuwa mkubwa, na linadanganya kwa upande ule mbaya.

Kwahiyo mke wangu aliposema linaunguza, alikuwa anasoma ule ukinzani kwa pua. Wiki tatu nzima jiko lilikuwa linapasha mafuta kupita linavyojua, na sisi tunapunguza namba. E3 ilikuja mwishoni kabisa, pale joto lilipokuwa linatanua ile pini na bati lake mpaka vinaachana kabisa, bodi inaona waya umekatika, inazima. Nilikuwa naichukia ile E3. Saivi naona ndo siku jiko lilipoanza kusema ukweli.

Ikiwa shida yako ni ya upande mwingine, mvuke au uchafu umeunganisha pini mbili zenyewe kwa zenyewe, dalili zinageuka. Hapo ukinzani unashuka, bodi inadhani kuna joto wakati kioo ni baridi, utaona jiko linakataa kuwaka asubuhi au linajipunguza moto bila sababu. Inaudhi lakini haichomi nyumba.

Konekta nilipoichomoa nikaiangalia na tochi, pini moja ilikuwa inang'aa, nyingine imepata ukoko wa kahawia na kijani kidogo pembeni, na lile bati linaloibana lilikuwa limelegea, unaisikia kabisa inaingia bila kubana. Feni ya jiko inavuta hewa kwa chini, na hewa ya jikoni ina mvuke na mafuta, vyote vinapita juu ya bodi mwaka baada ya mwaka. Vumbi lilikuwa limeshikana na mafuta kwenye mapezi ya hitisinki kama sufi.

Sikuisafisha ile konekta nikairudisha. Nilishajifunza kwenye zile siku nne. Nimeona watu wanapulizia dawa ya kusafishia wanarudisha, na inashika kwa muda, lakini bati lililolegea halirudi kubana. Nikatoa konekta nzima ya kwenye bodi, nikaweka mpya pande zote mbili, risasi mpya, nikasafisha bodi kwa spiriti na brashi ya meno. Nikapima tena chuma kwa chuma, 0.2 na 0.2, nikatikisa waya, nikaupinda, nikavuta kidogo, namba haikucheza. Grisi ya zamani pale sensa inapogusa kioo ilikuwa imekauka imekuwa kama chokaa, nikaikwangua nikapaka mpya, maana grisi ikikauka sensa inapata joto kwa kuchelewa na unarudi kwenye moshi ule ule kwa njia nyingine. Nikahakikisha kichwa cha sensa kimegusa kioo, siyo kimeinama pembeni, nikapitisha waya wake mbali na ukingo wa hitisinki.

Kabla ya kumkabidhi jiko lake nilijaribu kwanza na lita moja ya maji, likachemka dakika ishirini kwa moto wa kati bila kukata. Alafu kikaango chenye mafuta na kipimajoto cha mafuta ndani, namba ile ile aliyokuwa anailalamikia, nimesimama pembeni na mfuniko mkononi. Mafuta yakapanda, yakafika 170, jiko likaanza kujipunguza lenyewe, ukasikia ule mngurumo wa koili unakata na kurudi, kukata na kurudi. Hayakutoa moshi. Mke wangu alikuwa mlangoni, akasema, "Ndo lilivyokuwa zamani." Nikamwomba msamaha kwa ile siku ya simu, akacheka akasema tuwekee maji ya chai kwanza.

Sensa ya kwanza, ile niliyoitoa, nimeifunga kwenye kimfuko nikaiweka ndani ya jiko pembeni, ni nzima, siku itahitajika. Na kwa ndani ya mfuniko wa chini nimebandika kipande cha tepu nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: sensa ya kioo kilo-omu 92 chumba kikiwa nyuzi 27, miguu ya konekta 0.2 na 0.2, na tarehe. Atakayefungua tena, nikiwa mimi au mtu mwingine, aanzie hapo.